Jinsi ya Kutega Zege kwa Heshima

Sogea hapa kivulini, ndugu yangu saidia fundi, nikufundishe kutega kazi.

Najua saiti hakuna tusi zito kama kuitwa mtegaji. Watakutania kuhusu timu yako, kabila lako na suruali yako, mtacheka wote. Lakini mmoja akisema "huyu anatega," ngumi zinanukia. Leo nakuomba ulivae jina hilo kwa wiki sita, ulivae vizuri, lisikuchafue. Taya lako limevunjika, likapasuliwa, likafungwa. Mikono, miguu na mgongo vimebaki vizima, na vyote vitatu vinakudanganya kwamba uko tayari kurudi kwenye karai.

Mimi nililivunja langu nilipoanguka na bodaboda nikiwahi kazini. Wiki ya tatu uvimbe ulikuwa umeshuka, nikajiona nimepona, nikabeba mfuko wa saruji begani, upande uleule wa jeraha. Nilirudi hospitali na kuanza kuhesabu siku upya kutoka moja. Ujira wa siku ile niliutumia kwa nauli.

Basi shika kanuni hii, nyingine zote zinatoka humo: punja kazi, punja sifa, punja hata salamu. Usipunje siku.

1. Jifikirie kuwa jamvi

Tuanze na jambo unalolijua kuliko daktari. Zege la jamvi likimwagwa leo, keshokutwa lina sura ya jiwe. Ukiligonga linalia. Hata hivyo fundi mwenye akili haondoi mirunda chini yake, kwa sababu nguvu ya zege hupimwa siku ya 28, na kabla ya hapo sura yake ni ahadi tu.

Taya ni hivyohivyo. Kwenye ufa hutangulia damu iliyoganda, kisha mwili unamwaga mfupa mchanga, laini, unaokazika kidogo kidogo. Kwa mtu mzima mwenye afya huchukua takriban wiki sita mfupa kushikana vya kutosha kutafuna kwa tahadhari, na miezi kadhaa kurudia ugumu wake wa zamani. Zile waya zilizofunga meno ya juu na ya chini, au vile vibamba vya titani na skrubu zake, ndiyo mirunda yako. Kazi yake ni kushikilia mpaka mfupa ujishike wenyewe. Ukiitwisha mzigo wa jamvi zima, skrubu inalegea, kibamba kinapinda au waya unakatika, na pande mbili za ufa zinaachana.

Nyapara akikuuliza kwa nini hubebi, mwambie: "Mkuu, zege langu linataka siku 42." Hiyo ni lugha yake.

2. Jua wizi unapotokea

Utaniuliza: mzigo nabeba kwa mikono, taya linaingiaje? Fikiria unanyanyua ndoo ya kokoto. Umeshauma meno, na ndoo yenyewe hakuna. Anayenyanyua kizito mara nyingi huuma meno na kubana pumzi. Misuli ya kutafuna ni miongoni mwa misuli yenye nguvu kubwa mwilini, na imejishikiza kwenye mfupa huohuo uliovunjika. Kila ukiuma, inauvuta.

Kubana pumzi nako kunapandisha damu kichwani. Katika siku za mwanzo hapo ndipo kidonda kinapotoka damu na uso kuvimba upya. Halafu kuna pumzi yenyewe. Aliyefungwa waya anapumua kwa pua na kwa mianya ya meno. Akikaa anatosheka. Akipanda ngazi na karai kichwani, mwili unadai mdomo mzima, na mdomo umefungwa.

Kwa hiyo wizi wa kwanza ninaokufundisha ni huu: ukilazimika kunyanyua chochote, hata jagi la maji, toa pumzi taratibu wakati unanyanyua na uache meno yalegee. Kikikulazimisha kuuma meno, ni kizito. Kiweke chini, ujifanye unafunga kamba ya kiatu.

3. Pata karatasi kabla ya kupata ujasiri

Usirudi kazini na maneno matupu. Maneno ya mgonjwa yanaishi mpaka lori la saruji linapoingia getini. Mwombe daktari akuandikie ED, ile karatasi ya kupumzishwa kazi, na usitoke kwenye chumba chake mpaka iwe na mambo matatu: siku ngapi usifanye kazi kabisa, siku ngapi ufanye kazi nyepesi, na kilo ngapi usizidishe. Mweleze kazi yako kama ilivyo. Ukimwambia "nipo ujenzi" anaweza kudhani unashika ramani. Mwambie unabeba mifuko ya kilo 50 kutoka chini mpaka ghorofa ya tatu. Anayekaa mezani huenda akaruhusiwa kurudi baada ya wiki moja au mbili. Wewe wa mizigo utasikia wiki sita na kuendelea. Neno la mwisho ni la daktari aliyekupasua, maana ndiye aliyeuona ufa wako.

Kama una mkataba, kumbuka una haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku zisizopungua 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi cheti cha daktari kipo. Kama uliumia ukiwa kazini, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri. Wewe hukatwi hata senti. Dai bila aibu. Haya ziweke mahali pengine.

Kama wewe ni kibarua wa kutwa, unayelipwa jioni na kusahauliwa asubuhi, sheria hizo mara nyingi hukupita mbali. Hapo tumia ujanja wa mtaani. Kama umo kwenye upatu, nenda kwa mama anayeshika daftari, umwombe akubadilishie zamu upokee mwezi huu. Watu wa upatu wanaelewa ugonjwa kuliko ofisi nyingi. Kinachomfanya kibarua abebe mfuko wiki ya tatu mara nyingi ni kodi ya chumba. Panga kodi kwanza, utaona jinsi taya linavyopata subira.

4. Iba kazi nyepesi kabla hujapewa nzito

Usiende kwa nyapara kuuliza "nifanye nini?" Atakupa ya kwanza inayomjia, nayo ni kubeba. Nenda na jibu. Mwambie: "Mkuu, wiki hizi nitashika daftari la stoo." Kila saiti ina mifuko inayopungua bila maelezo. Mtu wa kuhesabu inayoingia na inayotoka ni dhahabu, hasa akiwa hawezi kuongea sana.

Kazi nyingine za kunyakua: kumwagilia jamvi maji kwa mpira asubuhi na jioni, kukata waya wa kufungia nondo vipande vilivyo sawa, kuhesabu ndoo za mchanga na kokoto mchanganyo usipunjwe, kushika ncha ya kamba fundi anapopanga tofali.

Za kukimbia nazo zipo. Usikae karibu na wanaochanganya saruji kavu. Vumbi lile na kidonda cha mdomoni havipatani. Usikubali kuongoza lori la mchanga likirudi nyuma. Inaonekana kazi ya mkono tu, lakini siku moja itahitaji ukelele wa "simama!", na wewe ukelele huna. Usipande jukwaa ukiwa umemeza dawa kali za maumivu. Nyingi zinasinzisha, na jukwaa halina blanketi.

Kofia ngumu usiivue. Tafuta ile yenye kirekebisho kisogoni, ikae bila mkanda kupita kwenye kidevu.

5. Shika kitu mkononi

Sasa tuingie kwenye sifa, maana najua hapo ndipo panapouma kuliko taya. Ulikuwa mtu wa mifuko miwili. Vijana walikuwa wanakuhesabia. Leo umeshika mpira wa maji kama mtunza bustani.

Siri ni moja: mikono isikae mitupu. Anayetembea saiti mikono mitupu ni mtegaji hata kama amemaliza kazi zake zote. Anayetembea na pima maji ni fundi hata kama hajui kuisoma. Asubuhi chukua pima maji, futi au daftari na kalamu sikioni, na tembea kama mwenye miadi. Ukisimama, simama ukitazama ukuta. Ukuta daima una jambo la kutazamwa.

Nakuhimiza uutazame kweli. Wiki sita za kuangalia ni darasa ambalo saidia fundi hapewi, kwa sababu kila siku kichwa chake kiko chini ya karai. Tazama fundi anavyosoma timazi. Tazama anavyokadiria tofali za chumba kizima kwa jicho. Wiki hizo mimi nilijifunza kupiga hesabu za vifaa. Mtegaji mwerevu huenda akarudi kwenye kazi ya ujira mkubwa kuliko ile aliyoiacha.

6. Kula kama mwizi, mara nyingi na kimyakimya

Nguvu ya kubeba zege inatoka kwenye ugali, na ugali umepigwa marufuku. Waliofungwa taya wengi hupungua kilo kadhaa, na mwili usio na chakula hauna cha kujengea mfupa. Hapa usitege hata kidogo.

Kula mara sita kwa siku. Uji wa ulezi utiwe maziwa, unga laini wa karanga na kijiko cha mafuta. Mtori usagwe, uchujwe. Maharage yaive mpaka yasalimu amri, yapondwe, yapite kwenye chujio. Parachichi na maziwa viende kwenye brenda. Supu ya kongoro unywe mpaka wakuzoee. Mtafute mama ntilie mapema, kabla ya msongamano wa saa saba, umwambie kwa adabu: "Mama, taya limefungwa, nichujie hata mchuzi." Atakuonea huruma, na huruma ya mama ntilie ina nyongeza.

Mrija usiutumie mpaka daktari aruhusu. Wengine huambiwa watumie kikombe. Mdomo wa chini ukiwa na ganzi, ambayo yaweza kukaa wiki au miezi kwa sababu mshipa wa fahamu unapita ndani ya taya lenyewe, pima joto la uji kwa kidole kwanza. Utaungua bila kujua. Weka leso mfukoni, maana mdomo wenye ganzi unavuja bila taarifa, na mwanamume anayejifuta kabla hajaambiwa amehifadhi heshima yake yote.

Kila baada ya kula, sukutua kwa maji ya chumvi na upite na mswaki mdogo wa mtoto. Kunywa maji mengi; jua la saiti halijui kama umepasuliwa. Kila wiki panda mizani ya wale vijana wanaopima watu uzito barabarani. Namba ikishuka mfululizo, mwambie daktari.

Pombe iache. Mlevi hutapika, na kutapika kwa mdomo uliofungwa ndiko kunakonileta kwenye hatua inayofuata. Sigara nayo iache, inachelewesha kidonda.

7. Tembea na plaizi

Hapa sina utani. Kama umefungwa waya, plaizi ya kukatia waya isiondoke mwilini mwako. Ining'inize shingoni kwa kamba au kiunoni, na usiku uilaze karibu na mto. Kama umefungwa kwa mipira midogo, basi mkasi.

Mwombe daktari akuonyeshe kwenye kioo waya zipi zinakatwa: zile zinazosimama wima, zinazounganisha meno ya juu na ya chini. Kisha waonyeshe wenzako wawili wa saiti, na mmoja nyumbani. Mafundi nondo ni wanafunzi wazuri, mikono yao inaujua waya.

Ukitapika, inama mbele, kichwa chini, acha vitoke kwa mdomo na pua. Kwa kuwa unakula vya majimaji, kwa kawaida vinapita. Visipopita, au pumzi ikikataa, kata, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukafungwe upya.

Plaizi yangu nilipewa na fundi nondo ambaye hata hatukuwa tumezoeana. Aliniona nimerudi, akaivua kiunoni mwake bila kuongea. Sikuwahi kuitumia, lakini kila usiku nilipoigusa chini ya mto nilipata usingizi.

8. Jibu fupi, na mara moja

Watakuuliza. "Mwanangu, umekwisha?" "Mbona siku hizi unavaa daftari?" Usijitetee. Anayejitetea huwapa wenzake mchezo wa wiki nzima, na kwa meno yaliyofungwa hoja yako ndefu itasikika kama redio yenye betri kuukuu.

Tayarisha jibu moja: "Siku 42." Rudia kila siku ukipunguza. "Siku 30." "Siku 19." Baada ya wiki mbili wao wenyewe ndio watakaokuhesabia, wakikosea utawasahihisha kwa vidole. Watu wanapenda kuhesabu kitu kinachoelekea mwisho. Umekwisha kuwa jamvi la saiti nzima, na jamvi la wote halikanyagwi ovyo.

Hatari ni mtu mmoja, yule rafiki wa kweli anayekwambia: "Njoo tusaidiane huu mmoja tu, nashika upande mzito." Mpende, mkatalie.

9. Siku ya kufunguliwa, jifunge upya

Waya zikitolewa, utatoka hospitali ukitaka kuubeba mji. Hii ndiyo siku mbaya kuliko zote. Fundi akiondoa mirunda hapandishi tangi la maji juu ya jamvi jioni ileile.

Kwanza mdomo wenyewe hautafunguka. Misuli imelala wiki nyingi. Pengine kidole kimoja tu kitapita kati ya meno. Lengo ni vidole vitatu vilivyosimama. Fanya mazoezi uliyofundishwa, mara kadhaa kila siku, taratibu. Chakula nacho kipande ngazi: ndizi mbivu na viazi vilivyopondwa, kisha wali laini, kisha ugali mwepesi. Nyama ya mbavu na muwa vipo, havijahama.

Daktari akisharuhusu mizigo, panda hivi. Wiki ya kwanza karai tupu na robo karai. Inayofuata, nusu ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji tu ni kilo 20, ikijaa zege inazidi mara mbili. Kisha toroli, nusu nusu, safari mbili badala ya moja. Mfuko wa kilo 50 uje mwisho, tena ubebe bega la upande mzima, kwa kuwa ukiwa begani unaegemea pembe ya taya. Na usimeze dawa ya maumivu ili ubebe. Maumivu ni nyapara wa ndani. Ukimlaza, hakuna wa kukuambia simama.

Ngumi, mpira wa vichwa na utani wa kusukumana uviweke kando mpaka daktari aseme. Bodaboda ukipanda, vaa kofia inayofunika mpaka kidevu.

10. Mambo ya kukimbilia hospitali

Hapa tupa pima maji, ondoka. Homa. Usaha au ladha mbaya isiyoisha mdomoni. Uvimbe uliokuwa umeshuka ukapanda tena. Damu isiyokoma. Meno yaliyokuwa yanakutana vizuri, asubuhi moja hayakutani. Sauti ya kitu kulia au kucheza ndani ya taya. Chuma kuchungulia kwenye fizi. Pumzi kuwa ngumu: hiyo usingoje hata daladala, chukua usafiri wa haraka uliopo.

Usiseme "nitaenda Jumamosi baada ya malipo." Malipo ya Jumamosi hii ni madogo kuliko wiki sita nyingine.

Ukimaliza

Itafika asubuhi utakayoamka ukakuta umesahau kuhesabu. Utaingia saiti, utaweka daftari stoo, utajitwisha karai na kupanda ngazi, na hakuna atakayesema neno, kwa kuwa wote walihesabu nawe. Mchana utatafuna dona na maharage ukisikia kila punje.

Jioni hiyo usiitupe plaizi. Ifute kwa mafuta, ivishe kamba mpya. Bodaboda hazijaacha kuanguka, jukwaa halijaacha kuteleza, na siku moja kijana atarudi saiti uso umevimba, meno yamefungwa, mikono inamwasha kubeba mfuko. Mvute kivulini, mvishe ile plaizi shingoni, kisha muulize: siku ngapi?